UZI: Nimeonja Tim Tam aina tano, Nakuru kisha Kisumu, na washindi hawakuwa wale wale

Muokaji wa Nakuru

Wapendwa, hamjambo. Uzi huu niliuahidi mliponiona nauliza hapa namna ya kuhifadhi chokoleti kwenye joto. Leo nimetulia, chai iko mezani, tuanze.

Mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi Perth, Australia. Alikuja likizo mwezi wa Julai, na alipouliza aniletee nini nilimwambia asihangaike na marashi wala viatu, aniletee Tim Tam. Mimi naoka kwa kuuza hapa Section 58: keki za harusi, skonzi, biskuti za siagi za kupima kwa kilo. Kila mtu wa kwetu aliyewahi kuishi Australia huitaja biskuti hiyo jinsi mtu wa Kisumu akiwa Nairobi anavyomtaja ngege wa ziwani. Muokaji akisikia habari kama hiyo hapati usingizi.

Akaja na pakiti kumi, aina tano, mbili mbili: Original, Dark, White, Double Coat na Chewy Caramel. Ziko aina nyingine nyingi, tena kampuni hutoa ladha za msimu zinazokuja na kupotea, lakini hizi tano ndizo alizozikuta pamoja kwenye rafu moja siku ile.

Kwa ambaye hajaiona: ni vibiskuti viwili vyembamba vya mstatili, katikati krimu laini ya chokoleti, kisha vyote viwili vimevikwa chokoleti kwa nje. Ukipitisha kidole juu yake unahisi vijimawimbi. Moja ina uzito wa gramu 18 hivi, na pakiti ya Original ya gramu 200 ina biskuti 11. Ndani ya unga wake kuna kimea, na hapo ndipo niliposhtuka. Watu wa magharibi mnakijua kimea: wimbi lililoloweshwa likachipua, likaanikwa, likasagwa kungojea busaa. Nilipovunja ya kwanza nikainusa, harufu iliyonijia ilikuwa ya jiko la nyanya yangu.

Historia yake nitaisema upesi kwa sababu inamhusu muokaji. William Arnott alikuwa mhamiaji kutoka Scotland, akafungua duka la mikate na biskuti mjini Newcastle, New South Wales, mwaka 1865. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1958, mtaalamu wa vyakula wa kampuni hiyo ya Arnott's, Ian Norris, alikuwa safarini akitafuta mawazo mapya. Uingereza akakutana na biskuti iitwayo Penguin, iliyokuwa sokoni tangu 1932, akaamua kwamba yeye anaweza kutengeneza iliyo bora zaidi. Mwaka huo huo Ross Arnott alikuwa Marekani kwenye mbio za farasi za Kentucky Derby, na farasi aliyeshinda aliitwa Tim Tam. Jina likampendeza, akalibeba. Biskuti yenyewe iliingia madukani mwaka 1964. Kutoka wazo hadi rafu, miaka sita. Mimi nikijaribu biskuti mpya kwa wiki sita naona nimechoka.

Nitaendelea jioni na namna tulivyoonja.

Kijana wa Kondele

Mathe, heshima. Lakini biskuti ni biskuti. Ile ya glukosi ya kioskini na chai ya kibandani inafanya kazi hiyo hiyo. Hii ya farasi inanizidishia nini?

Muokaji wa Nakuru

Kijana wangu, ile ya glukosi naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini kazi zao ni mbili tofauti. Ya glukosi iko wazi pande zote: ukiichovya inafyonza chai upesi, ukihesabu vibaya inakatika na kuzama, unaifuata na kijiko. Tim Tam imefunikwa. Chai haipiti mpaka wewe mwenyewe uifungulie mlango. Hilo lina sehemu yake mbele, nivumilie.

Sasa namna ya kuonja. Sikutaka iwe kula tu. Mtu akiona rangi au akisoma jina, ulimi unaamua kabla ya kuonja. White inajulikana kwa macho tu, na mtu asiyependa chokoleti nyeusi atakunja uso kabla haijafika mdomoni. Kwa hiyo tulifungana macho kwa leso. Walioonja walikuwa watano: mimi, baba watoto, binti yangu wa miaka 12, huyo mpwa wangu, na jirani yetu wa geti la pili, mwalimu mstaafu ambaye hana simile na chakula kibaya. Kijana wangu wa miaka 9 ndiye aliyekuwa mgawaji. Yeye alizikata nusu nusu, akazipanga kwa mpangilio alioujua mwenyewe, na baina ya moja na nyingine kila mtu alisukutua kwa maji ya uvuguvugu. Maji baridi hayafai hapa kwa sababu mafuta ya chokoleti yanagandia ulimini, na kinachofuata hutakisikia vizuri.

Kwa alama tulitumia punje za mahindi. Kila mtu alipewa punje 10, agawie hizo biskuti tano apendavyo. Ukitaka kuimwagia moja zote kumi, ruksa. Watu watano, punje 50. Nilipenda njia hii kuliko kumpa kila biskuti alama chini ya kumi, kwa sababu watu wa kwetu ni wapole: kila kitu wangekipa saba. Punje zikiwa chache inabidi umnyime mmoja ili umpe mwingine.

Ilikuwa asubuhi, saa nne kasoro. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai hii mnaijua wenyewe, sweta haivuliwi. Kipimajoto changu cha jikoni kilisoma nyuzi 17. Shikeni hiyo namba.

Mzee wa Molo

Mama, nasoma kwa furaha lakini nina kisukari. Niambie ukweli, hiyo kitu ina sukari kiasi gani? Wajukuu wananiletea vitu hivi kila Desemba.

Muokaji wa Nakuru

Mzee wangu, asante kwa kuuliza. Original moja ina karibu gramu 8 za sukari, yaani kama vijiko viwili vidogo vya chai, na kalori kama 95. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Nyingine nazo haziko mbali na hapo. Dark isikudanganye kwa ule uchungu wake, sukari imo. Ongea na daktari wako kwanza, na wajukuu wakija waombe wakuletee njugu karanga.

Na mwenye mzio naye asikie: ina ngano, ina maziwa, ina soya.

Matokeo ya Nakuru sasa.

White ilikuja ya mwisho, punje 4 tu. Sishangai. Chokoleti nyeupe haina unga wa kakao, ina siagi ya kakao tu pamoja na maziwa na sukari. Ukiondoa ule uchungu mdogo wa kakao, hakuna kinachoizuia sukari, inapita moja kwa moja. Jirani mwalimu alisema inamkumbusha maziwa ya unga ya kulamba kwa siri utotoni. Binti yangu ndiye aliyeipa punje 3 kati ya hizo nne.

Dark ilipata 6. Katika ule ubaridi wa asubuhi ganda lake lilikuwa gumu, lilikatika kwa kishindo, lakini ladha ilichelewa. Ilibidi uiweke mdomoni kitambo kabla haijasema lolote, na wakati huo biskuti ya ndani ilikuwa imeshalainika. Baba watoto alisema, "Hii inaongea mtu akishaondoka." Mimi niliipa punje moja.

Chewy Caramel, 12. Hapa watu waligawanyika. Ndani yake, pamoja na krimu, kuna utepe wa karameli ya kutafunika. Kwenye baridi karameli ile inakuwa na ukinzani mzuri, inavutika, taya zinafanya kazi kidogo. Binti na mpwa waliipenda sana. Jirani ana meno ya kubandika, akaisogeza kando kwa adabu. Mimi kama muokaji niliona jambo moja: karameli inashinda vita vyote. Baada ya dakika moja kimea hukisikii, kakao huisikii, umebaki na karameli peke yake.

Original, 13. Hii ni biskuti iliyopimwa. Sikupata neno jingine. Ukiuma, kwanza ganda linapasuka, halafu biskuti inalia, halafu krimu inakuja kuziunganisha, na chumvi kidogo iko pale nyuma. Hakuna kinachomfunika mwenzake. Lakini siku ile, asubuhi ile, kuna iliyoipita.

Double Coat, punje 15. Jina lake linajieleza: chokoleti ya nje imevikwa mara mbili. Kwa sababu hiyo ni nzito zaidi, na pakiti ya gramu 200 ina biskuti 9 badala ya 11. Kwenye nyuzi 17 ganda lile nene lilikuwa linakatika kama kigae chembamba, kisha likaanza kuyeyuka polepole ulimini, na kila mtu pale mezani alinyamaza. Hata kijana mgawaji aliuliza, "Mbona hamsemi?" Nilijua kwamba huyo ndiye mshindi, na nikaanza kuandika uzi huu kichwani nikiwa na jibu tayari.

Kumbe bado.

Binti wa Busia

Mama Muokaji, siagi ya kakao inatoka wapi? Nauliza kwa sababu mjomba wangu upande wa Uganda analima kakao Bundibugyo, na hajawahi kula chokoleti ya maana maisha yake.

Muokaji wa Nakuru

Mwanangu, umeuliza swali zito. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Kodivaa na Ghana. Inavunwa Afrika, inakwenda kusagwa na kukamuliwa mbali, siagi yake inavikwa biskuti ya Australia, na biskuti hiyo inarudi kwangu ndani ya begi la mwanafunzi. Mjomba wako akipata nafasi, mpelekee hata kipande kimoja cha chokoleti nyeusi, umwambie harufu ile ni ya shamba lake baada ya kuchachushwa, kuanikwa na kukaangwa. Mbegu ya kakao ikitoka kwenye tunda haina harufu ya chokoleti hata kidogo.

Tuendelee na safari. Zile pakiti tano za pili sikuzifungua. Ijumaa tukapanda matatu, mimi na mpwa, kwenda kumsalimia mama Migosi, Kisumu. Nilizifunga kwenye kopo la biskuti la bati, kopo ndani ya taulo, taulo ndani ya kikapu, kikapu mapajani. Mpaka Mau Summit nilikuwa na amani, kule ni baridi kuliko hata kwetu. Kericho tukashuka dakika kumi, nikanunua majani ya chai kilo moja maana kupita Kericho bila majani ya chai ni kumkosea mama heshima. Tatizo lilianza tulipoiacha Kericho. Barabara inateremka, hewa inabadilika, na tulipofika Ahero kwenye mashamba ya mpunga kila dirisha lilikuwa wazi na kila mtu amevua koti.

Kisumu iko mita 1,130 hivi. Ni kama mita 700 chini ya Nakuru, na mita zile unazisikia shingoni.

Mama alitupokea, tukala samaki kwanza, bila shaka. Saa tisa alasiri nikatoa kipimajoto sebuleni: nyuzi 29.

Sasa nieleze kidogo, maana hapa ndipo kiini cha uzi huu. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mwili wa mtu uko 37. Ndiyo maana chokoleti ni ngumu mkononi lakini inayeyuka mdomoni. Lakini haingojei 34 ndipo ianze kulegea. Ikifika nyuzi 27, 28, tayari inapoteza ule ugumu. Na chokoleti ya maziwa inalegea mapema kuliko nyeusi, kwa sababu mafuta ya maziwa yakichanganyika na siagi ya kakao yanaifanya iwe laini zaidi. Kwa hiyo biskuti zangu tano zilifika Kisumu zikiwa chokoleti ile ile kwa jina, lakini kila moja ilikuwa imelegea kwa kiasi chake.

Jambo la pili: kitu kikiwa na joto, utamu wake husikika zaidi. Mpishi yeyote wa uji anajua. Onja uji wa moto, ungoje upoe, uonje tena: sukari ni ile ile lakini ulimi unasema imepungua.

Muokaji wa Nakuru

Kuonja kwa Kisumu. Tulikuwa watano tena: mimi, mpwa, mama, kaka yangu na wifi. Leso zile zile, punje zile zile 10 kwa mtu. Mtoto wa kaka akawa mgawaji. Mama alikubali kufungwa macho baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna anayepiga picha.

White ilishika mkia tena, punje 3. Ilikuwa imelegea kabisa, ikabaki kwenye vidole vya mgawaji kuliko kwenye sahani.

Double Coat, ule mfalme wa Nakuru, ikapata 6. Niliumia. Lile ganda nene lililokatika kwa sauti, hapa lilikuwa kama siagi iliyosahaulika juani. Unauma, hakuna sauti, unapata tope la chokoleti lililojaa mdomo mzima, na utamu wake umepanda kupita kiasi. Chokoleti nyingi ni baraka kwenye baridi. Kwenye joto ni mzigo. Mimi mwenyewe, niliyeipa punje 4 Nakuru, safari hii niliipa moja.

Chewy Caramel, 9. Karameli ililegea ikavuja ukingoni, lakini kaka aliipenda hivyo hivyo, akasema sasa inateleza.

Original, 15. Ganda lake jembamba lilikuwa limelainika, ndiyo, lakini kwa sababu ni jembamba halikuharibu kitu. Biskuti ya ndani bado ilikuwa kavu na bado ililia. Mama alitafuna taratibu, akanyamaza, akasema, "Hii ina kimea." Sikuwa nimemwambia neno. Mpwa alitoa leso machoni akanitazama, na mimi nikatoa yangu. Mama amefunga macho, biskuti imetoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na ulimi wake umeikamata nafaka iliyochipua chini ya chokoleti yote ile. Nilijivunia sana siku hiyo.

Na Dark, ile iliyoambiwa Nakuru kwamba inaongea mtu akishaondoka, ikashika kwanza na punje 17. Joto liliifungua. Ganda lake lilikuwa limelegea kidogo tu, bado lina umbo, na safari hii ladha ilitoka mara moja, ule uchungu wa kakao ukaja mbele, ukaushika utamu usipande. Wifi aliipa punje 6 akaomba nyingine. Mimi nilitoka punje moja nikaipa 4.

Ukijumlisha Nakuru na Kisumu: Original 28, Dark 23, Double Coat 21, Chewy Caramel 21, White 7. Angalieni hapo. Original haikushinda mji hata mmoja, kote ilikuwa ya pili, na ndiyo iliyoongoza kwa jumla.

Mwalimu wa Bungoma

Dada Muokaji, kazi nzuri sana, lakini niruhusu nikupinge kidogo. Walioonja Kisumu si wale wa Nakuru. Huenda joto halina hatia. Huenda wifi yako anapenda tu vitu vichungu.

Muokaji wa Nakuru

Mwalimu, pingamizi lako ni halali na nililitazamia. Watatu kati ya watano walibadilika, na kweli huwezi kulinganisha ulimi wa mume wangu na wa wifi. Lakini mimi na mpwa tulikuwa kote kuwili. Punje zangu nimeshazitaja: Double Coat kutoka 4 hadi 1, Dark kutoka 1 hadi 4. Za mpwa ni hizi: Double Coat kutoka 3 hadi 1, Dark kutoka 1 hadi 3. Sote wawili tulikuwa tumefungwa macho, na hatukujua tunapewa ipi lini. Watu wawili ni wachache, nakubali, lakini wote wawili tumegeukia upande mmoja.

Tena siku iliyofuata nilirudia peke yangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Kisumu halijapanda, zikiwa zimelala kwenye chungu. Double Coat ilikuwa imerudi kuwa na adabu. Si kama ya Nakuru, lakini ilikatika.

Mama Pacha wa Kakamega

Umesema chungu, mama? Mimi zangu niliweka kwenye friji zikatoka na madoa meupe juu kama ukungu wa mkate. Nikatupa pakiti nzima. Nilifanya kosa?

Muokaji wa Nakuru

Pole sana, Mama Pacha, na kwa kweli huenda ulitupa chakula kizuri. Utando mweupe juu ya chokoleti mara nyingi si ukungu. Unakuja kwa njia mbili. Ya kwanza, chokoleti ililegea kwa joto kisha ikaganda tena polepole, na mafuta yake yakapanda juu yakakaa kama vumbi jeupe. Ya pili, ilitoka kwenye friji ikakutana na hewa yenye unyevu, ikatoa jasho, jasho likayeyusha sukari ya juu, na lilipokauka sukari ikabaki nje ikikwaruza. Ukitaka kujua ni ipi, paka kidole. Ikiwa ni mafuta itayeyuka na kupotea, ikiwa ni sukari utasikia mchanga. Zote mbili zinalika. Uzuri wa macho unapungua na ule mlio unapungua, basi. Ukungu wenyewe una manyoya na una harufu, huo ukiuona tupa bila kufikiri.

Friji si dhambi, ila usiziweke wazi. Zifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa, na ukilitoa usilifungue mpaka kopo lenyewe lipate joto la nyumba. Dakika arobaini hivi zinatosha. Hapo jasho litakaa nje ya kopo, siyo juu ya biskuti.

Kwa mama hatukutumia friji. Tulichukua chungu kikavu cha udongo, kopo likaingia ndani, chungu kikakaa kwenye karai lenye maji kidogo, na gunia lililoloweshwa likafunika juu. Maji yakipanda kwenye udongo na gunia yanakauka kwa upepo, na yanapokauka yanaondoka na joto. Mama zetu walihifadhi maziwa hivi. Kipimajoto ndani ya kopo kilisoma 23 wakati sebule ilikuwa 29. Nyuzi sita bila umeme.

Kijana wa Kondele

Mathe uliahidi ule mlango wa chai. Nimesubiri.

Muokaji wa Nakuru

Nilikuwa nimeiweka ya mwisho makusudi. Waaustralia wenyewe wanaiita Tim Tam Slam. Unauma kona moja ya biskuti, kidogo tu. Unauma kona ya pili inayotazamana nayo kimshazari. Unaichovya kona moja kwenye kinywaji cha moto, ile nyingine iko mdomoni, na unavuta kama mrija. Chai inapita katikati ya biskuti. Ganda la nje linashikilia umbo, ndani kila kitu kinalainika, krimu na unga vinakuwa kitu kimoja. Punde tu unasikia chai imefika ulimini. Hapo usisubiri hata pumzi moja, itie yote mdomoni. Ukichelewa inaanguka kikombeni.

Wao hupenda kahawa au kakao. Sisi tulijaribu chai mbili, kwa majani yale ya Kericho. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na sukari, kama tunavyoipika nyumbani, haikufaa. Ni nzito, inapita kwa shida, na sukari juu ya sukari inachosha. Chai ya rangi isiyo na sukari, ile ya moto sana, ndiyo yenyewe. Ukali wa majani unakata mafuta, na biskuti inakuwa ndiyo sukari ya chai.

Nilijaribu aina zote. Double Coat ndiyo rahisi zaidi kwa mtu anayejifunza, kwa kuwa ganda lake linavumilia. Dark ina ladha nzuri sana na chai ya rangi, labda kuliko zote. Chewy Caramel inaziba, karameli inafunga njia, usihangaike nayo. Original inataka mkono mwepesi, inakupa muda mfupi mno, lakini ukiipatia kile kimea kinafunguka ndani ya chai mpaka unakisikia puani.

Mama alitutazama tukivuta chai kwa biskuti kama watoto, akauliza kama huko Australia hawana vikombe. Kisha akaomba aonyeshwe. Mara ya kwanza ilimwangukia kikombeni. Mara ya pili akaipata, akafumba macho, akakaa kimya kitambo. Akasema kwa Kijaluo, "Mit," yaani tamu, na akaweka kopo upande wake wa meza.

Mama Pacha wa Kakamega

Nisaidie neno moja tu, mama. Nina mtu anakuja kutoka Melbourne mwezi ujao na begi lina nafasi ya pakiti mbili. Zipi?

Muokaji wa Nakuru

Kakamega si baridi kama Nakuru wala si joto kama Kisumu, kwa hiyo chukua Original moja na Dark moja. Mwambie azifunge kwenye begi la mkononi ndani ya nguo, asiziweke kwenye mfuko wa nje unaopigwa na jua. Zikifika zipumzishe usiku mzima kwenye chungu kabla hujazifungua. Na chai iwe ya rangi.

Mimi nimebakiwa na Original nne. Jumatatu nasaga kimea cha wimbi niingize kwenye unga wa biskuti zangu za siagi, robo kwa robo tatu ya ngano kwa kuanzia. Jirani mwalimu ameshaomba awekwe kwenye orodha ya waonjaji, na kijana wangu tayari ameficha punje za mahindi mahali anapopajua.